Leo nimekataa kayamba

"Mzee, chukua kayamba, gitaa tumpe mwingine."

Nimeambiwa hivyo na mwalimu wetu leo kwenye mazoezi, mtaani kwetu Rebero, mbele ya kwaya nzima, nikiwa na miaka sitini na tisa.

Ngoja niwaeleze. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulifundishwa nota kwa majina: do, re, mi. Mwalimu huyo, Grace, aliyekulia Uganda, anatumia herufi. Akisema "piga C", kwanza nakumbuka kwamba hiyo ni do, kisha naitafuta kwenye shingo ya gitaa. Nikiipata, wenzangu wameshamaliza ubeti.

Alice wa sauti ya kwanza akasema, akiniita mzee kwa Kinyarwanda, "Muzehe bado yuko njiani."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Halafu nikamrudishia Grace kayamba lake.

"Mwalimu, taja nota yoyote. Nitachelewa, lakini nitaipata."

Akataja sita. Moja ilinichukua muda mrefu hadi Alice akaketi.

"Umekosa mbili, mzee," Grace akasema.

"Wiki iliyopita nilikosa zote, na ulikuwepo."

Grace akampa Alice kayamba.

Jumapili nitakuwa mstari wa mbele na gitaa, na nitakosea mbele ya watu.

Na wewe uliyeambiwa umri umekupita, andika hapa: ulikuwa unajifunza nini, na kwa nini uliwasikiliza?