Kitufe cha Mama

Baba alikuwa mtafsiri wa nyumba yetu. Kila jioni taarifa ya habari ilipoanza kwa Kifaransa, aliketi ubavuni mwa mama na kumweleza yote kwa Kibembe, kwa sauti kubwa kiasi kwamba majirani wasio na televisheni walipata habari zao kupitia ukuta wetu. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kuwa mazito, na baba hakuona aibu kupiga kelele. Waziri akisema neno moja, baba alisema kumi.

Baba alipofariki, mama aliacha kukaa sebuleni. Mimi na mume wangu tulihamia kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake, hapa mjini Baraka, tukajenga vyumba viwili upande wa pili wa uwanja, maana kwetu mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Jioni tulikusanyika kwake kula bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikula haraka, akainuka, akaenda kukaa jikoni peke yake karibu na mafiga. Ukimuuliza kitu, anajibu neno moja. Kanisani alikaa nyuma kabisa, sokoni akaacha kwenda. Niliogopa, nasema wazi. Niliona mama yangu anaondoka polepole huku bado yuko hai, na sikujua nimshike wapi.

Mimi nafundisha fizikia, na ugonjwa wa walimu wa fizikia ni kudhani kila shida ina waya wake. Kaka yangu wa Bukavu alipotutumia televisheni ya kisasa, ile inayoingia kwenye intaneti, nikasema dawa imepatikana. Mama hasikii, basi nitampelekea sauti masikioni.

Nilinunua hedifoni zisizo na waya, zile kubwa za kufunika sikio zima, pamoja na kisanduku kidogo cha kuongozea vifaa vya nyumbani, hakizidi kipande cha sabuni. Wiki mbili nilipambana navyo kila nikitoka shule. Kisanduku kilitakiwa kuiambia televisheni: ukiwaka tu, ondoa sauti kwenye spika yako, ipeleke kwenye hedifoni. Televisheni ile ilikuwa na kichwa kigumu kuliko wanafunzi wangu. Bateri ya sola ikiisha, ikiwaka tena imesahau yote. Nikituma amri kabla haijaamka vizuri, inakubali halafu haifanyi kitu. Nilitukana, Mungu anisamehe. Mwishowe niligundua inataka kusubiriwa tu: iwake, ipewe dakika nzima, ndipo iambiwe. Nikakiandikia kisanduku hivyo kupitia simu, televisheni ikatii. Mume wangu akasema kwa upole kwamba hata yeye huwa anahitaji dakika nzima akiamka, ila hakuna aliyewahi kumwandikia.

Jioni ile nilimvisha mama hedifoni mimi mwenyewe. Dakika ikapita, spika ikanyamaza, mama akashtuka. Sauti imemfikia! Nilitaka kuruka. Alikaa nusu saa nzima, mikono mapajani. Kisha akazivua, akanirudishia.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kifaransa," akasema. "Kifaransa tu, mutoto yangu." Akaenda zake jikoni.

Hapo nilijiona mjinga. Nilikuwa nimemfikisha waziri hadi ndani ya sikio la mama yangu, nikasahau kwamba hawaelewani. Tena aliyefunikwa masikio hamsikii aliye ubavuni mwake, kwa hiyo hata mimi ningetaka kumtafsiria, nilikuwa nimeshamziba. Baba aliifanya kazi ile bila bateri. Nililia kidogo nyuma ya nyumba, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha nikanawa uso.

Kesho yake nilibadilisha mpango: spika nayo niliirudishia sauti, ili nasi tusikie. Nilibandika kitufe kwenye mkono wa kiti chake. Akikibonyeza, sauti inakatika kwenye hedifoni, na kwenye spika ya televisheni inashushwa hadi mwisho. Nyumba inakuwa kimya. Mama anavua hedifoni, na aliye karibu naye anamweleza kilichosemwa, hadi abonyeze tena. Alipoelewa kwamba kidole chake kinaweza kumnyamazisha mtu wa Kinshasa, alibonyeza mara sita katika habari moja.

Tafsiri yangu ilikuwa ya kimwalimu, fupi na sahihi. "Waziri amesema barabara itatengenezwa." Mama anaitikia kwa kichwa, anabonyeza, tunaendelea. Nikichelewa shuleni, kazi ilimwangukia mume wangu, ambaye hajui Kibembe, wazazi wake walitoka Burundi. Alimweleza kwa Kiswahili, macho chini, kwa sauti ya kunong'ona, kwa sababu mkwe hapazi sauti mbele ya mama mkwe. Mama hakusikia kitu. Alitazama midomo yake, akaitikia "ee, ee", na wote wawili wakawa wametimiza heshima. Lakini jikoni alianza kwenda kwa kuchelewa, na mimi nikaanza kupata usingizi.

Jumapili moja alasiri mpira ulikuwa umekolea, mume wangu amesogea hadi ukingoni mwa kiti, mama akabonyeza. Kimya. Mume wangu akafumba macho; mkwe halalamiki. Nikaanza: "Mama, yule mwenye jezi nyeupe..."

"Nyamaza," akasema. "Leo mi njo nasema."

Tukamgeukia wote wawili.

"Baba yenu alikuwaka ananidanganya. Ile habari yote alikuwaka ananitafsiria, nusu ilikuwa uongo. Waziri anasema barabara, yeye ananiambia waziri anauliza kama bamama ba huku kwetu Fizi balimaliza kuvuna mihogo. Siku ingine akaniambia gavana ananisalimia, mi, kwa jina yangu!"

"Ulijuaje, mama?"

"Miaka yote ile mi niko nasikia Kifaransa. Nilishika kidogo-kidogo. Sikumuambia." Mabega yake yakaanza kutikisika. "Nilikuwa nataka aendelee kusema."

Mume wangu ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko kikubwa cha tumboni, heshima zote kazisahau, na mama akakisikia. Mimi nilicheka nikilia. Tangu mazishi sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo kinywani mwake, na bado aliendelea, uongo mmoja baada ya mwingine, hadi wachezaji wakatoka uwanjani na hakuna kati yetu aliyejua nani ameshinda.

Kisha akachukua hedifoni zake.

"Kesho mutanitafsiria tena," akasema. "Lakini muongeze uongo kidogo. Na mukwe yangu asogee hapa karibu, anidanganye na sauti kubwa."