Kuzima Kinu cha Baba

Harufu ilikuwa ya samaki. Si samaki wa kukaangwa, bali ile ya omena walionyeshewa na mvua kisha wakaanikwa tena juani, na ilitoka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupika: kwenye sanduku jeusi la swichi lililopigiliwa ukutani ndani ya kibanda cha kinu chetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, kando ya barabara inayoteremka kuelekea Bungoma. Wateja waliingia na magunia mabegani wakinitania. "Nafula leo anakula samaki na hatukaribishi!" Nami nilicheka nao, huku jicho likiwa kwenye lile sanduku. Plastiki ngumu iliyo ndani ya swichi ikipata joto hunuka hivyo. Nilikuwa nimeshajua kwamba baada ya harufu huja mlio, kama bisi zinazoruka kwenye sufuria iliyofunikwa, na baada ya mlio huja mwanga wa buluu ambao hata ukifumba macho bado unauona.

Mama alikuwa ametangulia. Baba alimfuata mwaka uliofuata, wakati mahindi ya Trans-Nzoia yalipokuwa yanatoa mbelewele. Alituacha watoto watatu, mimi mkubwa, Wekesa, na Nanjala aliyekuwa bado ananyonya kidole, pamoja na kile kinu cha umeme alichokinunua kikuukuu na kukirekebisha hadi kikakubali. Siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, ndugu walikaa nyuma ya nyumba kutugawana. Nasema kutugawana, ingawa walifanya kwa upole na kwa nia njema, kama ukoo unavyopaswa kufanya. Baba Mkubwa, kaka yake Baba kutoka Sirisia, ndiye aliyesema. Wekesa angeenda kwake. Nanjala angeenda kwa senge yetu, dada yake Baba, aliyeolewa Moi's Bridge. Mimi ningetafutiwa nyumba ya kufanya kazi mjini. Nilisikia sauti yangu ikitoka kabla sijaamua kusema.

"Baba Mkubwa, mashine bado inasaga."

"Na nani ataiendesha?"

"Simiyu yuko."

Simiyu alikuwa kijana aliyeajiriwa na Baba kusaga. Baba Mkubwa alimtazama, akanitazama mimi, akakuna kichwa chake kilichonyolewa asubuhi hiyo. "Haya. Nitarudi Krismasi. Nikikuta inasaga, tutaongea. Nikikuta imenyamaza, napakia mota na watoto kwa gari moja." Hakuna aliyecheka, kwa sababu haukuwa utani. Tangu siku hiyo kimya kilikuwa kitu cha kuniogopesha. Kinu kikinyamaza hata kwa muda wa kubadilisha gunia, nilichungulia barabarani kama mtu anayetafutwa na polisi.

Simiyu hakumaliza mwezi. Alikuwa anazima swichi, mteja amemsimamia mgongoni akimharakisha, ndipo moto ukamrukia. Ukamla nyusi na kumbabua kiganja. Hatukumwona akilia. Alifunga mkono kwa kitambaa, akachukua redio yake, akasema, "Hii kitu itaniua bana, na mama yangu ana mimi tu," akaenda zake. Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu sikurudi darasani. Sare yangu ilipunguzwa ikawa ya Nanjala ya kukulia, na mimi nikafunga leso kichwani, nikaingia kwenye vumbi la unga.

Nilimwita Fundi Ndiwa kutoka Kapsokwony kwa sababu Baba alikuwa akimwita. Alikuja na pikipiki iliyojaa matope ya mlimani, na alianza kujisifu kabla hajashuka. Hakuna mota kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia, alisema, ambayo haimjui kwa jina. Lakini kabla ya kugusa chochote alikwenda kuzima umeme kwenye mita, akaipima swichi kwa taa yake ndogo inayoonyesha kama umeme umebaki, akaipima tena, ndipo akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na visu vya shaba ambavyo hubanwa katikati ya midomo ya shaba swichi inapowashwa. Vilikuwa vimelika na kuwa na mashimo, vyeusi, na unga umetanda kila mahali kama poda.

"Ona hii. Imeoza kama jino la mzee. Unazima saa ngapi?"

"Kila mteja akimaliza."

"Kila mteja? Na hopa ikiwa na mahindi?" Hopa ni lile bakuli kubwa la bati lililo juu ya kinu, mahindi yanakomwagwa.

"Wengine hawangoji iishe, na wa nyuma ameshamwaga yake. Wanasema zima, nazima."

Fundi Ndiwa alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akanieleza, na ni maelezo ambayo hayajanitoka. Mota ikiwa inavunja mahindi huvuta umeme mwingi. Ukitenganisha shaba wakati huo, umeme haukatiki; unaruka lile pengo na kuwaka hewani, moto mkali wa kuyeyusha chuma, na kila ukiwaka unakula shaba kidogo. Shaba ikishalika haigusani vizuri tena, basi inapata joto hata mota ikizunguka tu, ndiyo ile harufu. "Na wewe ukiogopa unavuta polepole," alisema. "Hapo ndipo unaharibu. Ukivuta polepole moto unakufuata, unarefuka kama ulimi. Vuta mara moja mpaka mwisho, kama unamng'oa mtu jino. Akianza kupiga kelele liko nje tayari."

Siku hiyo alipiga tupa vile visu hadi vikang'aa, akavipangusa, akakaza kila skrubu huku akiimba. Sanduku lenyewe akalitoa kwenye kibanda akalifunga upande wa pili wa ukuta, ndani ya stoo, kwa sababu unga unaoelea hewani ukikutana na cheche, alisema, hauna tofauti na petroli. Pembeni mwa mlango wa sanduku akazungushia kipande cha mpira wa tairi ili unga usiingie. Swichi mpya ndiyo ingefaa, lakini hii ingevumilia kwa masharti: hopa iwe tupu, mota iwe inazunguka nyepesi, mkono uwe wa haraka. Aliwasha pikipiki, akapaza sauti juu ya mlio wake. "Ukiwafuata hao mama zako wa kuzima-zima, Krismasi haifiki hii swichi!"

Hao mama ndio waliokuwa kazi. Desturi yao ilikuwa ya miaka. Kila mmoja, debe lake likipita, alitaka kinu kizimwe papo hapo, agonge ule mfuko wa kitambaa unaotoa unga, na unga wake wote udondoke mbele ya macho yake kabla ya wa mwenzake kuanza. Kinu kinachoendelea kuzunguka kilikuwa kinu kinachoiba. Aliyeshika desturi hiyo kwa nguvu zote ni Mama Nekesa, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza nilipokataa kuzima, alisimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Ati hauzimi? Baba yako alikuwa anazima!"

"Ndiyo sababu swichi iliungua, mama. Ngoja isikike nyepesi, kisha tutagonga mfuko."

"Unga yangu inabaki ndani, unampatia huyu!" Akamwonyesha kidole Mama Chebet aliyekuwa nyuma yake. "Si ndiyo?"

Nikaendelea kusaga. Lakini jioni, foleni ilipokwisha, nilizima, nikaenda kuzima pia kwenye mita, nikafungua kifuniko cha kinu na kumwita aingize kichwa. Kwenye kuta za ndani kulikuwa na unga umeganda, ngozi nyembamba tu. Nikamwambia huo haupungui wala hauongezeki. Anaouacha yeye humo ni sawa na ule aliokuta umeachwa na aliyemtangulia. Akapitisha kidole kwenye ule unga, akakitazama.

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema polepole, "nimekuwa nikila unga ya Mama Chebet?"

"Na yeye yako."

"Woi! Na vile huyo mama hapepeti mahindi!" Akacheka hadi akatoa machozi meupe ya unga, na kesho yake habari ilikuwa imefika sokoni. Hakuacha kugombana, hapana. Ila sasa aligombana upande wangu. Mtu akisema zima, Mama Nekesa alimjibu kabla yangu: "Wewe ngoja iimbe nyembamba!" Tulikubaliana wimbi la uji lisagwe mwisho jioni ili lisichanganyike na mahindi, na mchana kutwa kinu kikazunguka bila kukatwakatwa.

Nikitafuta neno la majira yale, silipati zaidi ya mbio. Kinu kilikuwa huku, swichi kule, na kati yake mlango mmoja ambao niliupita hadi kizingiti kikalika upande mmoja. Umeme ukipotea, na ulipotea mara kwa mara mvua za radi zilipokuja kutoka mlimani, nilikimbilia stoo kushusha swichi, maana ukirudi na kukuta mota imeunganishwa na hopa imejaa, mambo yanaharibika. Nilikula nimesimama. Wekesa alifanya hesabu zake za shule juu ya magunia, Nanjala akafagia unga akiupanga vilima vidogo, na mimi nilizungumza nao sikio moja likiwa kwenye kinu. Nilijifunza kuusikia mlio ukibadilika: mzito na wa kukoroma wakati punje zinavunjwa, kisha unapanda, unakonda, unakuwa kama nyuki mmoja kwenye chupa. Hapo ndipo mkono uliposhuka. Tak. Bila mwanga, bila harufu. Kila tak ilikuwa siku tuliyoongezewa.

Baba Mkubwa alikuja siku chache kabla ya Krismasi, kama alivyosema, na pikapu tupu. Foleni ilikuwa imefika barabarani, kila mtu akitaka unga wa sikukuu, na hopa nilikuwa ndiyo kwanza nimeijaza hadi ukingoni. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema kitu. Sikusikia. Akasema tena kwa nguvu.

"Zima hiyo kitu tuongee!"

"Ngoja kidogo, Baba Mkubwa."

Nadhani hakuna msichana aliyewahi kumwambia angoje. Aliuona waya ukipita ukutani, akaufuata kwa macho hadi stoo, akaanza kwenda mwenyewe. Nilimpita mlangoni nikasimama mbele ya swichi, mgongo wangu ukigusa sanduku. Foleni ikasogea mlangoni kutazama.

"Unanikatalia mimi? Mimi ndugu ya baba yako?"

"Sikukatalii. Hopa imejaa. Ukivuta sasa itakuchoma."

"Ondoka hapo."

Sikuondoka. Nilijua nilichokuwa nikikihatarisha: neno lake moja lingetosha, na jioni Wekesa na Nanjala wangekuwa nyuma ya pikapu ile, kila mmoja akielekea kwake. Lakini nilikuwa nimemwona Simiyu, na swichi ikiungua siku hiyo hakungekuwa na kinu cha kuongelea. Ndipo sauti ya kuita ng'ombe ikatoka kwenye foleni. "Mzee, hata sisi tunangoja! Hapa kila mtu anangoja, hata pasta amengoja!" Baba Mkubwa aligeuka, akatoka nje, akasimama kando ya pikapu akitugeuzia mgongo.

Hopa ile ilichukua muda mrefu kuisha kuliko hopa zote nilizowahi kusaga. Mlio ulipokonda nilishusha mkono, kinu kikazunguka, kikachoka, kikasimama. Nilijifuta unga usoni, nikatoka, nikampa mikono yote miwili nikiinama. Aliipokea. Aliomba chai, Nanjala akamletea, akainywa amesimama akiwatazama watoto, viatu vyao, daftari la Wekesa. Kisha akaingia kwenye pikapu akaondoka. Hakuchukua mota. Hakuchukua mtoto. Wala hakusema kaeni.

Hilo la kutosema ndilo lililoninyima usingizi. Krismasi ikapita, shule zikafunguliwa, na kila gari lililopunguza mwendo mbele ya kibanda lilinipeleka mlangoni. Hadi asubuhi moja lori la miwa lilipokuja kusimama, na utingo akashusha magunia mawili ya mahindi yaliyofungwa kwa kamba ya katani.

"Ni ya mzee wa Sirisia. Amesema yasagwe hapa, laini. Nitayapitia kesho nikirudi."

Kutoka Sirisia hadi kwetu ni safari, na njiani kila kituo cha biashara kina kinu chake, kingine kipya kuliko chetu. Mtu hapakii mahindi kwenye lori akavipita vyote hivyo kwa sababu ya unga tu; ile ilikuwa njia yake ya kusema kaeni. Nilikaa juu ya gunia lake nikalia kama ambavyo sikulia kaburini, kisha nikainuka nikasaga, laini, kama alivyosema. Mwezi uliofuata akatuma mengine.

Leo, miaka mingi baadaye, nina kinu changu Bungoma mjini. Swichi yangu ni ya kubonyeza kwa kidole. Ndani yake, fundi alinionyesha kabla ya kuifunga, mna springi inayotenganisha shaba kwa kasi ile ile, uwe shujaa au mwoga, na vibati vyembamba vinavyoukata moto vipande hadi unakufa humo humo, mtu asiuone. Ni kitu kizuri, na ningetamani Simiyu angekuwa nacho. Wateja wamepungua, wengi wananunua unga wa pakiti, na walio na mahindi yao hawaulizi ya nani yalitangulia. Wekesa anauza mbegu za mahindi na ana watoto wanaonizidi kimo. Nanjala ni mwalimu. Tulikulia nyumba moja hadi kila mmoja alipotaka mwenyewe kuondoka, na sijui kama kuna jambo jingine maishani nililolitaka hivyo nikalipata. Wanapokuja kunitembelea huniambia, "Dada, keti basi, kila kitu kiko sawa." Naketi. Wanaanza hadithi, wanacheka, na kabla haijafika mwisho najikuta nimesimama mlangoni, na hakuna kinachoniita. Kazi ile ilikwisha zamani. Mwili wangu ndio bado haujaambiwa.