Florentin na Mahali pa Kurudia

Florentin alikuwa mtu wa majivuno, na mimi Hawa sitamsitiri. Nilikuwa nagawa dawa katika hospitali ndogo ya kampuni ya mchele hapa Kindu, chumba changu na chake vikitenganishwa na ubao tu, kwa hiyo sifa zake nilizisikia asubuhi hadi jioni. Alitoka Lubumbashi na diploma na ordinateri moja, yaani kompyuta, akawa anatembea kama yeye ndiye aliyechimba mto Lualaba.

Kazi yake ilikuwa kutunza majina ya watoa damu. Zamani yalikuwa kwenye kadi. Kadi alizitupa, na wiki ile ile mama mmoja sokoni alikuwa anafungia karanga ndani yake.

"Ile ni mambo ya zamani, citoyenne Hawa," aliniambia, kwa lile neno la chama tawala la kumwita kila mwanamke mwananchi. "Mimi nimeandika programu kwa lugha ya C!"

Akanieleza nisichomuuliza. Kwenye faili kila mtu ana mstari wake: jina, damu, mtaa. Programu haisomi faili yote. Imetunza mahali mstari wa kila mtu unapoanzia, na ukimwita mtu, inaruka moja kwa moja mpaka pale. Na mstari wa kwanza kabisa alimwandika nani? Mwenyewe! Mtu ambaye hajawahi kutoa hata tone.

Ukaja mwaka wa 1990, chama kikalegeza kamba, watu wakaruhusiwa tena majina ya ubatizo na kravati, yaani tai, vilivyokuwa marufuku. Mpaka juzi yake Florentin alikuwa wa mbele kwenye animasio, zile ngoma za kusifu chama, anakatika na abakosti, koti la chama, imefungwa hadi shingoni, na ole wako umwite kwa jina la kizungu. Sasa akaja na kravati nyekundu, akaketi, akaurefusha mstari wake: Florentin Marie-Joseph, Informatisien Mkuu. Loo! Mtu mzima ovyo. Mstari wake ulipokua, wote walio chini yake walisukumwa mbele, lakini mahali palipotunzwa pakabaki pale pale pa zamani. Ukimwita mtu, programu inaangukia kwenye mkia wa mstari wa jirani yake. Alijua kwamba lazima atunze upya mahali pa kila mtu. Alisema atafanya Jumatatu, akaenda kupigwa picha na kravati yake.

Kabla ya Jumatatu, mdogo wangu Mwanvua alijifungua, na damu ikakataa kukatika. Yangu haikufaa. Daktari akakumbuka kwamba kuna Sumaili mmoja, muuza mchele, aliyewahi kutoa damu inayomfaa. Nikakimbia kwa Florentin. Akabonyeza, akaandika kwenye karatasi: O, Alunguli.

"Na jina lake liko wapi?" nikauliza. "Mbona halikutoka?"

"Jina si umeniletea weye mwenyewe? Damu iko, mtaa iko. Unataka nini tena, mama?"

Alunguli ni ng'ambo ya mto. Dereva wa hospitali alivuka kwa mtumbwi, akauliza nyumba kwa nyumba, jua likapanda, likasimama utosini. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mwanvua. Aliniuliza, "Yaya, dada yangu, yule mutu anakuja?" Nikamwambia anakuja. Dereva aliporudi peke yake, mkono ule ulikuwa umeshapoa.

Sumaili alikuja mwenyewe matangani. Anakaa mtaa wa Kasuku, nyuma ya soko, unaweza kumwita kwa sauti kutoka geti la hospitali; ile Alunguli ilikuwa ya jirani yake kwenye faili. Mzee wa watu alilia mbele yetu. "Siku ile nilikuwa kwangu," alisema. "Hakuna mutu aliniita."

Florentin naye akaja, kravati ile ile. Hakukaa hata kwenye mkeka.

"Hawa, mashini haikukosea," akasema. "Kila inaporuka, programu inauliza kama imefika mahali ilipoambiwa. Siku ile ilijibu sifuri. Kwa lugha ya C, sifuri ni kusema mambo yote sawa."

Akasubiri, nadhani alitaka niseme nimeelewa.

"Nimesikia," nikamwambia. "Sasa toka."

Alitoka anarekebisha kravati. Mtoto wa Mwanvua alikuwa ameamka, analia njaa, nikanyanyuka kumtafutia maziwa.