Mlishaji wa Mabuu

Wadudu walimtia Kipisi kinyaa tangu utotoni, na bado riziki yake ikawa kuwalisha. Kila asubuhi, katika maabara ya chuo, alivaa glovu mbilimbili akasaga mende waliogandishwa pamoja na yai na asali, mpaka akapata rojo la kahawia lenye harufu ya soksi zilizolala kwenye maji. Rojo hilo aliliweka kwenye maboksi ya plastiki walimokaa sisimizi. Sisimizi walibugia, kisha wakaenda kuwatapikia mabuu mdomoni. Hapo ndipo alipogeuza uso. Mabuu yenyewe yalikuwa vifuko vyeupe visivyo na macho wala miguu, kazi yao kupanua mdomo tu. Kipisi alifunika boksi, akaendelea na jingine.

Jina la Kipisi alipewa na shangazi yake. Alikuwa mfupi na mwembamba, koti dogo kuliko yote pale maabara lilimfika vifundoni. Mama yake alifariki akijifungua mapacha. Mama mdogo akamchukua mmoja, na shangazi, dada wa baba, akamchukua Kipisi.

Siku moja pacha wake alipita kazini kumletea simu ambayo Kipisi aliisahau nyumbani kwa pacha huyo. Daktari, mtafiti aliyekuwa bosi wa Kipisi, akainuka kumsalimia.

"Karibu, karibu. Wewe ndiye dada mkubwa?"

"Mkubwa wapi, Daktari!" pacha akacheka. "Huyu ndiye alitangulia kutoka. Mapacha wa yai moja kabisa, hospitali ndivyo walivyosema."

Daktari akasogea karibu. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine: uso uleule, pua ileile, ila bega la mgeni liko juu ya kichwa cha Kipisi. Kipisi aliyajua macho hayo. Ndiyo aliyotumia Daktari kulinganisha sisimizi kwenye sinia.

"Daktari, usituangalie hivyo bwana."

"Samahani, mama. Nimepitiwa."

Pacha alipoondoka, Kipisi akauliza jambo ambalo hakuwahi kujishughulisha nalo miaka yote ile. "Hawa sisimizi wenye vichwa vikubwa na hawa vijidudu vidogo, si mama yao mmoja?"

"Mama mmoja. Jeni zao zinakaribia kuwa zilezile," Daktari akasema. "Kinacholiwa utotoni ndicho kinachoanza kuwatenganisha. Chakula kinapandisha au kinashusha homoni mwilini. Halafu kuna vialama vya kemikali vinavyonata kwenye jeni, hii inafunguliwa, ile inafungwa. Jeni haibadiliki, ila matumizi yake yanabadilika. Ndiyo maana mimi nikimdondoshea buu tone la homoni kwa wakati wake, anatoka jitu."

"Na binadamu?"

Daktari akavua miwani. "Mtu si sisimizi. Hatuna tabaka la wakubwa na tabaka la wadogo. Lakini mtoto asipolishwa anadumaa, na hilo halihitaji maabara kulijua."

Kipisi alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo moyoni. Nyumbani kulikuwa na shangazi. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja, na mwanawe, fundi magari, alikuwa amemtua kwa Kipisi "kwa wiki moja tu" akapotelea mbali. Chumba kilinuka mkojo na dawa ya kuchua. Kipisi akakoroga uji, akaketi kitandani. Kabla kijiko hakijamkaribia, shangazi alikwisha kupanua mdomo, ute ukimchuruzika kidevuni.

"Shangazi, ulikuwa ukiwaambia watu mimi nina damu ndogo, ya upande wa mama. Mbona pacha wangu ni mrefu hivyo?"

"Wewe ulikuwa huli."

"Nilikuwa sili, au nilikuwa sipewi?"

Shangazi akameza. Hakuona haya hata chembe. "Nilikuwa na watoto wangu, wanasoma. Wewe kazi yako kufagia na kuteka maji. Ukubwa wa nini? Tena mtoto mdogo hali sana, wala hajazi nyumba." Akapanua mdomo tena. "Lete basi, uji unapoa."

Kipisi akasikia tena, kana kwamba liko ulimini, lile tope baridi la makombo alilokuwa akililamba utotoni kwenye sahani za binamu zake baada ya wao kushiba, lenye mate yao. Akaweka bakuli chini, akatoka nyuma ya nyumba, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Aliporudi alimalizia kumlisha, kijiko kwa kijiko, akitazama ukuta. Kisha akampigia fundi.

"Njoo umchukue mama yako."

"Dada, si tulikubaliana..."

"Hatukukubaliana kitu. Ulimtua ukakimbia."

"Mtu mzima, mgonjwa, kweli unamfanyia hivyo?"

"Usipokuja nitamleta gereji, nimkalishe katikati ya matairi wateja wako wamsalimie."

Kesho yake fundi akaja na gari la mteja. Shangazi alipobebwa mlangoni alilia, "Kipisi, nani atanipa uji?" Kipisi alikuwa anachomoa mashuka ya kitanda kwa ncha za vidole.

Pacha alimlaumu. "Ungemsamehe tu. Mtu mwenyewe wa kuondoka duniani leo au kesho."

"Wewe ulilishwa," Kipisi akamwambia, na hawakuongea kwa muda mrefu.

Shangazi aliishi kwa mwanawe, akalishwa vizuri tu, akafa akiwa amenenepa. Kipisi alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Hakulia. Jirani mmoja wa zamani akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole mwanangu. Huyu ndiye aliyekukuza."

Kipisi akauvuta mkono wake taratibu, akaufuta kwenye sketi, akaenda kumtafuta pacha wake kwenye umati.