Ukurasa wa Nyuma

Nilimnyang'anya daktari daftari la mwanangu akiwa bado anaandika. Kalamu yake ikachora mstari mrefu hadi mezani.

"Vipi, mama?"

"Nakusomea. Maana wewe husomi."

Mlango ulikuwa wazi, benchi zima la wagonjwa likasikia. Nikafungua ukurasa wa nyuma, ambao nesi aliuandika kwa wino mwekundu wakati wa masika: Mtoto huyu asipigwe sindano ya penisilini. Alivimba koo. Kwenye ukurasa mpya, mwandiko wa daktari ulikuwa umefika katikati ya jina la sindano hiyohiyo.

Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema, "Msomee polepole, mwanangu, asije akachoka!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mwanangu ana miaka miwili. Siku ile ya masika alibadilika rangi mikononi mwangu, akitafuta hewa, na mpaka leo akikohoa tu natupa jembe nakimbia.

Huku kwetu unanunua daftari la shule, unalifunika kwa gazeti lisichakazwe na mikono yenye udongo, na ugonjwa wako wote unakaa humo. Daktari huyu, ambaye ndiye mkuu wa kituo, analipokea, anazipeperusha kurasa mpaka kwenye karatasi nyeupe, anasema, "Haya mama, kwa kifupi."

Na ndiye huyohuyo aliyetuhutubia wazazi shuleni kwamba kiongozi lazima asome, yeye kila mwezi anamaliza kitabu. Kweli, vimepangwa dirishani kwake, vya uongozi na mafanikio. Siku ile nilimpigia makofi, nikajionea aibu na kidato changu cha nne. Sasa naona aibu kwa yale makofi. Baba yangu, mkulima wa kahawa kule Kamuli, aliishia darasa la nne, lakini hanyunyizii mibuni dawa kabla hajasoma karatasi ya chupa mpaka chini, akifuata mistari kwa kidole.

"Unanivunjia heshima mbele ya wagonjwa," daktari akasema.

"Shikamoo nilishakupa. Soma."

Akasoma. Akakata alichoandika, akaandika dawa nyingine. Hakuomba radhi.

Kesho yake nilipeleka malalamiko ofisi ya wilaya, ukurasa mmoja. Karani akainua muhuri wa kupokelea. Nikaweka kiganja pale alipotaka kugonga.

"Hujasoma."

"Dada, mimi kazi yangu kugonga tu."

"Basi soma, ndipo ugonge."

Akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akaanza kusoma kwa sauti ya chini:

"Nalalamika kwamba mkuu wa kituo chetu alianza kumwandikia mwanangu sindano iliyokwisha kukatazwa kwa maandishi, kwa sababu hakufungua ukurasa uliotangulia. Sindano hiyo ilishamvimbisha koo mara moja, nusura afe. Naomba aagizwe kwa barua kwamba asiandike chochote katika daftari la mgonjwa yeyote kabla ya kusoma kilichomo. Naomba na nakala za kutosha za barua hiyo, nizibandike kwenye daftari la mwanangu, kwenye kila ukurasa mweupe utakaofuata."