Nilimwacha Mama Nyuma ya Pazia la Ndege

Nina dhambi nimeibeba miaka saba, na leo naitua hapa kwa kuwa uso kwa uso sina ubavu wa kumwambia mtu. Mkitaka kunitukana, nitukaneni. Nastahiki.

Mimi ni mtoto wa Konde, Pemba, nafanya kazi Uingereza. Kazi yangu ni ya kusafiri, na ofisi hunikatia tiketi ya bizinesi klasi, kule mbele, kiti unakilaza mpaka kinakuwa kitanda. Kila nikirudi kupitia Dar es Salaam, lazima niwasimulie wenzangu barazani nilivyolala na nilivyolishwa, mpaka wakanikinai. Yarabi, nilivyokuwa najiona!

Mke wangu alipojifungua, mama alikuja Uingereza kumlea uzazi, kafuatana na jamaa aliyemshika mkono njia nzima. Siku arubaini hakukaa chini. Alimkanda mke wangu kwa maji ya moto, akamkogesha mtoto, akapika uji wa pilipili manga kwenye jiko ambalo hata kuliwasha ilibidi afundishwe. Hakudai kitu. Tangu ujana wake alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, ahiji kabla hajafa. Nikamwambia, "Mama, mwakani nakupeleka Maka." Alilia kwa furaha.

Mke na mtoto wakabaki, mimi na mama tukarudi nyumbani kwa ndege moja, mimi mbele, yeye nyuma ya pazia. Ningeweza kukaa naye! Hakuna aliyenishikia bakora nikae mbele. Nilijiambia ni saa chache tu. Nikamfunga mkanda, nikamwambia, "Ukiwa na shida, waite hao wanaopita na vikombe." Mama hajui Kiingereza hata neno moja, na mimi nalijua hilo.

Katikati ya safari mhudumu akanijia. Akasema kuna bibi kule nyuma analitaja jina langu, je, ni wangu? Nikamjibu, "Ndiyo, mama yangu huyo. Mwambie nakuja." Nilikuwa nimeshakula, viatu nimeshavua, kiti kimeshalazwa. Nikajigeuza upande wa pili. Nikalala, jamani. Nikalala fofofo!

Niliamka tunatua. Wa mbele hushuka kwanza, basi nikamngojea ndani ya uwanja. Akatokea wa mwisho, kajizungushia blanketi la ndege kiunoni, anakwenda kwa kujikokota. Mie nikaona aibu. Nikamkemea mbele za watu, "Mama! Blanketi la wenyewe hilo! Livue urudishe!"

Akalivua. Baibui lake lilikuwa limerowa kuanzia kiunoni mpaka chini, na harufu ikanifika nilipo.

"Ule mlango wa chooni sikujua kuufungua, mwanangu," akasema polepole. "Nkakwita. Nkangoja, nkangoja. Halafu nkashindwa."

Nikamfunga lile blanketi tena.

Tulipofika Konde, majirani wakaja kumpa pole ya safari. "Bi Siti, ndegeni kulikuwaje?" Mama akajibu, "Alhamdulillahi, kijana wangu kanitunza kama yai." Nami nimekaa pale pale nakunywa kahawa.

Mwaka wa pili nikaja nimwandikishe hija. Akasema, "Sendi." Nikadhani ananitania. Nikamwahidi tutakaa bega kwa bega, chooni nitampeleka mwenyewe. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akanishika kichwa.

"Radhi unayo, nshakusamehe siku ile ile. Lakini ndege mie sipandi tena. Yakinifika yale nami nimo katika ihramu, n'tafanyaje? Niende nyumba ya Mungu hivyo? La, mwanangu."

Nikamleta shehe amweleze kwamba jambo lile halimzuii mtu kuhiji. Mama akamsikiliza kwa adabu, akamwekea kahawa na halua, akakataa.

Amefariki hajaiona Kaaba. Nilihiji mimi kwanza, kama sheria inavyotaka, kisha mwaka uliofuata nikarudi kumhijia yeye. Shehe ananiambia inshallah imekubaliwa. Na mimi nasema inshallah, lakini roho haitulii.

Sasa nikirudi, Konde nzima wananiita Alhaji. Nikipita sokoni, "Alhaji, hujambo!" Nikiingia msikitini, "Mpisheni Alhaji!" Kila wakiniita nachomwa. Aliyeitaka hija maisha yake yote ni mama, na aliyemkatisha tamaa ni mimi, halafu heshima nimepewa mimi!

Nyie mlio ughaibuni, nyie mnaosafiri na wazee wenu, nisikilizeni. Kaeni nao, hata kama ni kiti cha mwisho kabisa. Waonyesheni choo kabla ndege haijaondoka. Na mzazi akikuita, inuka saa ile ile, usimjibu kwa kutuma mtu. Mimi mama yangu aliniita mara moja tu.