Kibuyu cha Bibi na Sabuni ya Kufulia

Nyumba yetu ya vitu vya kale pale Iguguno zamani ilikuwa ghala la ngozi. Waliipaka chokaa, wakaandika mlangoni kwamba ni urithi wa wananchi, lakini ile harufu haikujua kusoma. Ilikupokea mlangoni, ikakusindikiza mpaka kwenu.

Nilikuwa nimemaliza la saba, mwandiko wangu mzuri, nikapewa kazi ya kuandika vikaratasi vya vitu. Msimamizi alikuwa bwana mmoja wa mjini, suruali ina pasi ya kukatia nyama. Kila alichopewa na wazee alikishika kwa vidole viwili.

Bibi yangu aliwaazima kibuyu chake cha maziwa. Kijiji kizima kilijua mtindi wa bibi. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, hakuwa na nyingine.

"Mwanangu, usikioshe," akamwambia msimamizi. "Unatia kaa la moto, unatikisa, unakung'uta. Basi."

"Nimekuelewa, bibi."

Kesho yake nikamkuta anakisugua kwa maji na sabuni ya kufulia.

"Ndugu, si bibi alikukataza?"

"Bibi hajui vijidudu."

Akakifunika kikiwa bado kimelowa. Kikakaa rafuni wiki mbili.

Siku ya ufunguzi, mgeni wa wilayani akataka aone chombo kikifanya kazi. Msimamizi akatia maziwa, akatikisa, akamimina kikombeni. Yalitoka na ukungu mweusi, vipande vipande, yananuka kama panya aliyefia kwenye gunia. Mgeni akanywa kwa adabu, akatemea kwenye leso.

"Ndivyo wazee wetu walivyokunywa," msimamizi akasema, hana hata aibu.

Watu wote wakamgeukia bibi, aliyekuwa amekaa kati ya wazee. Akaziba mdomo kwa kanga. Bibi yangu, ambaye hata jogoo akiwika alikuwa anamjibu.

Mgeni alipoondoka, msimamizi akaniambia, "Andika: chombo cha kuozeshea maziwa."

Nikaandika kwa ule mwandiko ulionipatia kazi: "Kibuyu cha maziwa. Kilikuwa kizima. Msimamizi alikiosha kwa sabuni." Nikaibandika karatasi kwenye kibuyu, nikaacha kazi kabla hajanifukuza.

Nilipomsomea bibi pale mbele ya rafu, akaniambia nirudie. Kisha akaibandua ile karatasi. Kibuyu akakiacha palepale.

Alipoanza elimu ya watu wazima, mwalimu akampa kitabu. Bibi akakisogeza pembeni, akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi yake.

"Nifundishe hii kwanza," akasema.